Kaliba gani na msokoto gani kwa yadi 1,000? Anza na kichwa cha risasi

Swali limetoka kwa kaka mmoja Mtanzania anayeishi Texas, ana grinikadi, na anaandika hivi: "Nataka kuanza kupiga shabaha za mbali, lengo ni kufika yadi 1,000 kwenye karatasi na kwenye vibao vya chuma. Kuna jamaa ananiuzia .243 Winchester iliyotumika kwa bei poa sana, mtutu inchi 22, msokoto 1:10. Dukani kuna 6.5 Creedmoor mpya ya 1:8 lakini bei imesimama, na mwenzangu kazini ananiambia kama nataka mbali kweli nichukue .300 Win Mag. Nichague ipi? Na huo msokoto ni kitu gani hasa, unabadilisha nini?"

Kaka, nianze na msokoto maana ukiuelewa huo utaona mwenyewe kwa nini moja ya hizo bunduki tatu haitakufikisha unakotaka, hata upewe bure.

Iko hivi. Kaliba ni ukubwa na aina ya risasi ambayo bunduki imetengenezewa, kama .243 au 6.5 Creedmoor. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, kichwa cha risasi kikipita kinashikwa na ile mifereji na kulazimishwa kujizungusha. 1:8 maana yake kinamaliza mzunguko mmoja kila kikisafiri inchi 8, 1:10 kila inchi 10. Kwa hiyo namba ndogo ndo msokoto mkali, wengi wanachanganya hapa, anaona 10 anadhani ni zaidi ya 8. Na kinazunguka kweli kweli: chukua mwendo wa futi kwa sekunde, zidisha kwa 720, gawanya kwa inchi za msokoto. Kichwa kinachotoka futi 2,700 kwenye mtutu wa 1:8 kinazunguka mara 243,000 kwa dakika.

Kwa nini kizunguke? Kwa sababu vichwa vya kisasa vya mbali ni virefu, ncha nyembamba mbele na uzito umekaa nyuma. Hewa inapokipiga nguvu yake inaangukia mbele ya pale uzito ulipo, hivo muda wote hewa inatafuta kukigeuza kiende kinyumenyume. Kuzunguka ndo kunakishikilia ncha ibaki mbele, kama pia ya watoto inavyosimama ikiwa na kasi na kuanza kuyumba kasi ikipungua. Na kadri kichwa kinavyokuwa kirefu kulinganisha na unene wake ndivyo kinavyotaka kuzungushwa kasi zaidi. Angalia hapo, nimesema urefu. Watu wanaongea uzito, ambao kwa risasi unapimwa kwa greini, "mtutu huu unabeba mpaka greini 100", na kwa mazoea inasaidia kwa sababu kwenye kaliba moja kizito huwa kirefu, lakini kinachoamua ni urefu. Ndo maana vichwa vya shaba tupu, ambavyo wawindaji wa California wanalazimika kutumia aina hiyo kwa vile risasi za madini ya risasi zimepigwa marufuku kwenye uwindaji kule tangu 2019, vinataka msokoto mkali kuliko cha kawaida cha uzito uleule. Shaba ni nyepesi, kufikia uzito uleule lazima kiwe kirefu.

Sasa kwa nini tunataka vichwa virefu kama vinasumbua hivi? Upepo. Kichwa kirefu chembamba kinapasua hewa vizuri, kinatunza mwendo, upepo unapata muda mchache wa kukisukuma pembeni. Uwezo huo unapimwa kwa namba inayoitwa BC na utaiona imeandikwa kwenye boksi, ikiwa kubwa ndo bora. Kushuka kwa risasi sio tatizo kubwa siku hizi, umbali unapimwa kwa leza, unazungusha kitufe cha skopu, ile darubini ya kulengea, kiasi kile kile kila siku na inafika. Upepo hakuna wa kukupimia njia nzima kutoka ulipolala mpaka kwenye kibao, unausoma kwenye nyasi na kwenye mvuke wa joto unaouona kwenye skopu, na utakosea, kila mtu anakosea. Kwa hiyo bunduki nzuri ya mbali ni ile inayokusamehe ukikosea upepo.

Nikupe picha. 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greini 140 cha mashindano, ikitoka futi 2,700 hivi, kwenye yadi 1,000 na upepo wa maili 10 kwa saa unaokata njia moja kwa moja, inasukumwa pembeni kama inchi 65. .308 Winchester yenye greini 175, ikitoka futi 2,600, inasukumwa zaidi ya inchi 90. Sasa tuseme kibao chako kina upana wa inchi 20, yaani una inchi 10 kila upande wa katikati. Na 6.5 unaweza kukosea upepo kwa maili moja na nusu bado ukasikia chuma kinalia, na .308 ukikosea maili moja tu uko ukingoni. Hiyo nusu maili inaonekana ndogo kwenye maandishi lakini jua la mchana Texas likiwaka na upepo unabadilika kila dakika, ndo inaamua kama siku yako ilikuwa ya kujifunza au ya kukisia tu.

Haya, turudi kwenye .243 ya huyo jamaa. Nina kisa cha kweli kuhusu kaliba hiyo, na kinajibu swali lako vizuri kuliko maelezo yangu. Mwaka 1955 Marekani zilitoka kaliba mbili za milimita 6 kwa wakati mmoja, Winchester wakatoa .243 na Remington wakatoa .244. Vichwa vya unene uleule, nguvu zinakaribiana sana. Winchester wakaweka msokoto wa 1:10, Remington wakaweka 1:12 kwa kufikiria watu watawinda wanyama wadogo waharibifu kwa vichwa vyepesi. Wateja walitaka bunduki moja ya kila kitu, ya wanyama hao waharibifu na ya paa pia, na kwa paa wanataka greini 100. .243 inazituliza, .244 ikapata sifa kwamba haiziwezi. Mauzo yakaenda upande mmoja. Remington walikuja kurekebisha wakaweka 1:9 na mwaka 1963 wakaibadilisha jina ikawa 6mm Remington, wapi, .243 ilikuwa imeshashika soko na mpaka leo ndo unayoikuta madukani. Kaliba nzima iliangushwa na inchi mbili za msokoto.

Sasa .243 iliyoshinda wakati ule ndo leo iko kwenye nafasi ya .244. Ile 1:10 ilipangwa kwa vichwa vya kuwindia vya greini 80 mpaka 100, na kwa paa ndani ya yadi 300 ni bunduki safi kabisa, siipingi hata kidogo. Lakini vichwa vya milimita 6 vinavyotamba yadi 1,000 ni vya greini 105 kwenda juu, virefu kama inchi 1.25. Kuna kanuni ya kupima utulivu inaitwa kanuni ya Miller, ya Don Miller, unaingiza uzito, urefu, unene na msokoto inakupa namba inaitwa Sg. Chini ya 1 kichwa hakitulii, kati ya 1 na 1.5 kinakwenda lakini kwa shida, 1.5 na kuendelea ndo tunapotaka. Hicho kichwa cha greini 105 kwenye mtutu wa 1:10 kinakupa Sg kama 0.92. Kwenye 1:8 kinapanda mpaka 1.43, kwenye 1:7.5 kinafika 1.6 na kitu, ndo maana wanaoshindana na milimita 6 wanaagiza mitutu ya 1:7.5 au 1:8.

Ukitaka kujua 0.92 inafananaje kwa macho, nenda kwenye karatasi ya yadi 100. Tundu la risasi iliyotulia ni duara safi lenye ukingo wa kijivu. Tundu la isiyotulia ni refu, limechanika, mara nyingine unaona kabisa umbo la kichwa kizima kimepita ubavu, ncha huku na tako kule, kama mtu amekibonyeza kwenye karatasi kimelala. Wapigaji wanasema inapiga ubavu. Na hata yale matundu yatasambaa ovyo, hupati kundi, yaani matundu yaliyokaa pamoja. Ukiona hivyo usihangaike na skopu wala triga, risasi hiyo na mtutu huo haviendani, basi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliwazi ni hewa yenyewe. Hewa ya baridi ni nzito na inapunguza utulivu, hewa ya juu milimani ni nyepesi inaongeza. Jeshi la Marekani walilipata hili na AR-15 za kwanza, zilikuja na msokoto wa 1:14, zikipelekwa kwenye baridi kali zikawa hazitulii vizuri, ikabidi waende 1:12. Baadaye M16A2 ikaenda mpaka 1:7 kwa ajili ya risasi ndefu ya moto inayoonyesha njia. Kwa hiyo mtutu ambao uko kwenye mpaka utakudanganya: mchana wa Agosti uko sawa, asubuhi ya Januari kule Oklahoma makundi yamefunguka na hujui kwa nini. Ukienda Raton, New Mexico, kule renji iko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, risasi ileile itatulia zaidi na upepo utaisukuma kidogo kuliko ukiwa Houston. Chagua msokoto kwa siku mbaya, sio kwa siku nzuri.

Sasa weka 6.5 Creedmoor kwenye mizani ileile. Kichwa cha greini 140, urefu kama inchi 1.38. Kwenye 1:10 Sg inakuja 1.06, yaani mpakani pabaya. Kwenye 1:9 ni 1.3. Kwenye 1:8 inakuja 1.66, safi, na bado una akiba kwa baridi. Ndo sababu karibu kila 6.5 Creedmoor unayoiona dukani ni 1:8, kampuni ya risasi ya Hornady walipoitoa mwaka 2007 waliiunda kwa ajili ya mashindano toka mwanzo, ganda fupi ili kichwa kirefu kikae ndani ya magazini bila kusukumwa kwenye baruti, na msokoto wa kukibeba. Wazo lenyewe sio jipya, 6.5x55 ya Sweden ya mwaka 1894 ilikuwa na msokoto wa mzunguko mmoja kila milimita 200, ambazo ni chini kidogo ya inchi 8, kwa sababu vichwa vyao vilikuwa virefu vya greini 156. Wazee wale walikuwa wameshafika.

Kuhusu .300 Win Mag ya mwenzako. Hajakudanganya, inafika mbali kuliko 6.5, hilo halina ubishi. Ila inachoma greini 70 na zaidi za baruti kila pigo wakati 6.5 inachoma kama 42, na teke lake begani ni karibu mara mbili. Wewe unaanza. Mtu anayeanza na bunduki inayopiga teke zito anajifunza kufumba macho na kukunja bega kabla ya triga kuachia, na hiyo tabia ikishaingia kuitoa ni kazi ya mwaka mzima, nimeiona kwa watu wengi ninaowafundisha na inaniuma kila mara kwa sababu wengi walikuwa na jicho zuri. Alafu kuna hili la kuona pigo lako mwenyewe: na 6.5 yenye breki ya kupunguza teke mdomoni mwa mtutu ukilala vizuri skopu inabaki kwenye shabaha, unaona vumbi linaruka kushoto kwa kibao, unajua mara moja upepo ulikuwa mkali kuliko ulivyodhani, unarekebisha. Na .300 skopu imeruka angani, mpaka irudi vumbi limeshatua, unabaki kumuuliza aliyekaa pembeni. Hapo unapoteza somo ambalo risasi ya dola mbili ilikuwa imekulipia. Mtutu nao unaisha haraka zaidi. Kwa yadi 1,000 huihitaji, siku ukitaka yadi 1,500 tutaongea tena.

.308 hukuiuliza lakini lazima mtu atakutajia. Ipo toka 1952, mtutu wake unadumu sana, mara nyingi mapigo 5,000 na zaidi, wakati 6.5 inaanza kuchoka kati ya 2,000 na 3,000. Kuna mashindano ya F-Class, daraja la F-TR, ambapo .308 na .223 ndo kaliba mbili tu zinazoruhusiwa, ukipenda kwenda huko basi nenda nayo. Msokoto wa 1:12 unatosha kabisa kwa greini 175, Sg 1.7, 1:10 ni kama utataka vichwa vya greini 200. Tahadhari moja tu, usinunue risasi za greini 168 za mfumo wa zamani kwa kazi ya yadi 1,000. Yadi 600 zinapiga vizuri mno, lakini mkia wake umechongwa kwa pembe kali na zikikaribia mwendo wa sauti, futi 1,125 hivi kwa sekunde, zinaanza kuyumba, na huko ndiko zinakoangukia kabla ya kufika elfu. Ilikuwa moja ya sababu jeshi kwenye risasi ya M118LR kutumia greini 175.

Mtu mwingine atakutisha kwamba msokoto mkali sana unaharibu. Usimsikilize sana. Vichwa vyepesi vyenye ngozi nyembamba ya nje vya kupigia wanyama wadogo vinaweza kupasuka hewani vikizungushwa kupita kiasi, hilo ni kweli, lakini vya mashindano vya mbali vimeundwa kuvumilia. Kuna pia kusogea kidogo kulia kunakotokana na mzunguko wenyewe, kwenye yadi 1,000 ni kama inchi 6 hadi 10, programu ya hesabu za risasi kwenye simu inakuwekea yenyewe ukiijaza msokoto wako. Ukichagua kati ya mkali kidogo na mlegevu kidogo, chukua mkali.

Kwa hiyo jibu langu: 6.5 Creedmoor, 1:8, mtutu wa inchi 24. Inchi 26 inakupa mwendo zaidi kidogo ila inakuwa ndefu na nzito ukipiga kwa kuegemea vizuizi kama wanavyofanya kwenye PRS, yale mashindano ya kupiga mbali kutoka mikao mbalimbali, inchi 22 inafanya kazi ila unapoteza futi kadhaa kwa sekunde ambazo huko mbali utazitamani. Utaona mabingwa wa PRS wengi wako kwenye milimita 6, kaliba kama 6mm Dasher, usiwafuate bado. Wale wanajaza risasi wenyewe mezani na mitutu wanabadilisha kama matairi, wewe unahitaji kitu unachoweza kununua kwenye boksi duka lolote kuanzia Dallas mpaka El Paso, na 6.5 ndo hiyo.

Bei ya .243 bado inakuvuta najua. Fanya hesabu hivi: ili iwe bunduki ya mbali lazima ubadilishe mtutu uweke wa 1:7.5 au 1:8, mtutu mzuri pamoja na fundi wa kuuchonga chemba na kuufunga unaweza kukufikisha bei ya bunduki nyingine, na utasubiri miezi. Kama unataka ya kuwindia paa ichukue kwa kazi hiyo. Na kabla hujalipa hela ya bunduki yoyote iliyotumika, pima msokoto mwenyewe maana kuna mitutu iliyobadilishwa na muuzaji hajui. Hakikisha haina risasi, toa bolti, chukua fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka wenyewe, funga kitambaa kinachobana, ingiza kutokea nyuma mpaka kishike mifereji. Weka alama ya kalamu juu ya fimbo na nyingine pale fimbo inapoingilia, sukuma taratibu, alama ya juu itazunguka, ikirudi juu tena simama upime umesukuma inchi ngapi. Rudia mara mbili tatu, kitambaa kikiteleza namba itadanganya.

La sheria, kwa kifupi. Wewe mwenye grinikadi unaweza kununua kihalali ukipita ule ukaguzi wa dukani. Ila ndugu na marafiki walioko kwa viza za muda, za masomo au za kazi, sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki na hata kushika bunduki na risasi isipokuwa wakiwa na kibali kinachotambulika kama leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo usimpe binamu yako aliyekuja juzi ajaribu "moja tu" renji kabla hujajua karatasi zake zinasemaje, linaweza kumharibia maisha yake ya hapa.

Ukishaipata, nunua risasi za mashindano za greini 140 au hapo karibu, aina mbili au tatu, boksi mbili mbili, piga makundi ya risasi tano yadi 100 uone mtutu wako unapenda ipi, kila mtutu una chaguo lake. Ikishajulikana nunua nyingi zenye namba ileile ya toleo la kiwandani. Alafu azima kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi, upate mwendo wako halisi, usiamini ulioandikwa kwenye boksi, ule ni wa mtutu wao. Tofauti ya futi 50 tu kwa sekunde huisikii yadi 300 lakini yadi 1,000 inakupeleka chini ya kibao. Jaza huo mwendo, BC, urefu wa skopu juu ya mtutu na msokoto kwenye programu, anza yadi 300, nenda 600, andika kila ulichozungusha na upepo uliousoma. Skopu ikiwa imepangwa ipige katikati kwenye yadi 100, tegemea kuipandisha kama mili 9 kufika elfu (mili na MOA ni vipimo vya pembe vya skopu), kwa hiyo kabla ya kununua skopu uliza ina nafasi ya kupanda kiasi gani, na uifunge kwenye reli yenye mwinamo wa MOA 20. Aina ya skopu na bei zake niulize ukiwa umeshajua umebaki na shilingi ngapi mfukoni.